Maji ya Jangwani na dodoso la TEHAMA

Mvua kubwa za masika zikishuka, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam hufungwa pale Jangwani. Polisi wanasimamisha magari, mabasi ya mwendokasi, yale ya haraka yenye njia zake, yanasitishwa kupita bondeni, na abiria aliyepanda Kimara akiamini atashukia Kivukoni anajikuta Magomeni Mapipa, simu mkononi, akiuliza wenzake kama Kigogo kunapitika. Tangazo la kusitisha safari huwafikia wengi wakiwa tayari njiani. Mvua iliyoyaleta maji hayo inaweza kuwa ilinyesha saa kadhaa kabla, huko Kisarawe na Pugu, wakati Kariakoo hakuna aliyefungua mwavuli.

Hapo katikati, kati ya mvua ya Pugu na lami ya Jangwani, ndipo penye swali la kisa hiki. Kwa miaka mingi wafadhili, wizara na vyuo vimekuwa vikiziuliza mamlaka za serikali za mitaa zinahitaji teknolojia gani ya habari kwa ajili ya usafiri na mazingira. Jangwani ni mahali pazuri pa kuupima uulizaji huo, kwa sababu mto na barabara ya mabasi vinakutana pale pale, na hakuna ofisi inayoweza kusema usafiri ni wake na mazingira ni ya jirani.

Tuanze na mto. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, upande wa Mkoa wa Pwani, unateremka kilomita kama 35 na kuingia baharini kwenye Daraja la Salender. Njiani unapokea vijito vingine, ukiwemo Mto Ng'ombe unaotokea upande wa Kinondoni na kupita Tandale. Huko chini mto ndio unaotenganisha Ilala na Kinondoni. Kwa hiyo maji yanayofika Jangwani yamepita kwenye mikono ya zaidi ya halmashauri moja na mikoa miwili, na hakuna hata mmoja kati ya wakurugenzi wa halmashauri hizo anayeuona mto wote kutoka mezani kwake.

Juu ya halmashauri kuna msururu wa taasisi. Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mabasi ya mwendokasi yanasimamiwa na DART, daladala na leseni zao zinasimamiwa na LATRA. Mvua inatabiriwa na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mto wenyewe, kama chanzo cha maji, uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni unaangukia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na hapo NEMC, baraza la usimamizi wa mazingira, linaingia. Maafa yakishatokea, kuna idara yake chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Taka zilizoziba mtaro zinamsubiri afisa wa manispaa. Na yule mama anayetakiwa kuamshwa usiku ahamishe watoto anamjua mtu mmoja tu katika orodha hii yote, naye ni mwenyekiti wa mtaa wake.

Sasa chukua dodoso la kawaida la mahitaji ya TEHAMA ulipeleke kwa kila mmoja wao. Wengi wetu tuliopita kwenye ofisi za mipango tunalijua sura yake: ukurasa wa kwanza ni jina la taasisi na idadi ya watumishi, wa pili ni jedwali lenye safu za kifaa, idadi iliyopo, idadi inayohitajika na kipaumbele. Afisa analijaza kwa uaminifu. Ataandika kompyuta mpakato, skana ya ramani, vifaa vya GPS, programu ya kuchora ramani yenye leseni halali, mafunzo kwa watumishi wawili, ndege nyuki (droni) moja, na mwishoni gari, maana bila gari hivyo vyote havitoki ofisini. Hakuna uongo hapo. Vitu hivyo kweli vinahitajika. Lakini ukikusanya madodoso kumi ya namna hiyo unapata orodha kumi za manunuzi, na hakuna hata moja itakayokwambia kwamba kipimo cha mvua cha Pugu na karakana ya mabasi ya Jangwani havijawahi kuwa na sababu ya kuongea.

Jedwali likiuliza vifaa, litajibiwa vifaa. Kosa haliko kwa afisa aliyejaza, liko kwa aliyedhani kila taasisi ikiulizwa peke yake, majibu yakijumlishwa yatatoa picha nzima. Hitaji lenyewe linakaa kwenye nafasi iliyo kati ya ofisi na ofisi, na nafasi hiyo haina afisa wa kuijazia fomu.

Ili tusionekane tunasema halmashauri za Tanzania haziwezi mifumo, tazama mapato. Mfumo wa kukusanya mapato wa LGRCIS uliingia kwenye halmashauri, baadaye ukaja TAUSI, na leo mfanyabiashara anapata leseni na namba ya malipo kupitia mfumo. Umeshika kwa sababu kila siku unapotumika kuna fedha inayoingia na kuna mtu anayeulizwa isipoingia. Taarifa za mafuriko hazina mhasibu anayezidai. Ukitaka kujua kwa nini mfumo fulani wa mazingira ulikufa mara tu mradi ulipofunga hesabu zake, anza kwa kuuliza ni nani alikuwa anakaripiwa siku usipofanya kazi.

Jambo lililokuja karibu zaidi na kuuliza vizuri, kwa maoni yangu, halikuitwa utafiti wa mahitaji. Liliitwa Ramani Huria. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora kata hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Desemba ya mwaka huo huo Dar es Salaam ikapata mafuriko ambayo watu wa mabondeni bado wanahesabia nayo umri wa watoto wao. Zaidi ya watu 40 walikufa, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Mwaka 2015 kazi ya ramani ikapanuliwa hadi kata nyingi za jiji zinazokumbwa na mafuriko, chini ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Benki ya Dunia, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu na watu wa jumuiya ya OpenStreetMap. Wanafunzi waliingia mitaani wakiwa na simu na karatasi za ramani, wakatembea na wakazi, wakachora nyumba, vichochoro, visima na mitaro.

Mitaro ndiyo inayonivutia. Kwenye ramani za zamani za jiji mtaro ulikuwa mstari, kama upo. Kuuchora mtaro kwa kuutembelea ni kitu kingine: unaandika upana wake, kina chake, umejengwa kwa zege au ni wa udongo, umeziba au unapitisha, na unaishia wapi. Hilo la mwisho ndilo linaloleta kizaazaa, kwa sababu mitaro mingine haiishii popote. Inafika nyuma ya ukuta wa mtu, inapotea. Mwanafunzi anasimama pale na simu yake, mkazi anamwambia maji yakifika hapa huwa yanaingia kwa jirani, na jirani anatoka kukanusha. Nusu saa ya mabishano hayo ina taarifa nyingi kuliko jedwali la vipaumbele, kwa kuwa imeonyesha mahali ambapo jukumu limekatika.

Halafu kuna habari ya mashina. Katika utawala, ngazi ya chini kabisa inayotambuliwa mjini ni mtaa, na mtaa mmoja wa Dar es Salaam unaweza kuwa na maelfu ya watu. Ukitaka kumfikia mtu kabla ya maji, mtaa ni mkubwa mno. Chini yake kuna shina, lenye asili yake katika nyumba kumi, na mjumbe wa shina anawajua watu wake kwa majina, anajua nani mgonjwa na nani ana mama mzee asiyeweza kutembea. Ila shina ni ngazi ya chama tawala, CCM. Mpaka wake haukuwa kwenye ramani yoyote ya serikali, ulikuwa kichwani mwa mjumbe. Wachoraji wa Ramani Huria walipoanza kutembea na wajumbe kuichora mipaka hiyo, walikuwa wanajaza pengo ambalo halmashauri isingeliandika kwenye dodoso hata siku moja. Mkurugenzi gani angeandika, kwenye fomu ya serikali, kwamba anahitaji ramani ya mabalozi wa chama?

Kazi hiyo ilifanyika katika wakati mgumu. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za mabondeni zilikuwa zinavunjwa, Mkwajuni na Jangwani, na alama ya X nyekundu ilikuwa inatangulia tingatinga. Katika hali hiyo, kijana akija na simu, akaipima nyumba na kuuliza maji huwa yanafika wapi ukutani, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kwanza: mmekuja kutuwekea X? Jibu la kweli ni gumu, kwa sababu ramani ile ile inayoonyesha nani aokolewe kwanza inaweza kumwonyesha mwingine nani avunjiwe kwanza. Utafiti wowote wa mahitaji ya taarifa za mazingira unaofanywa bondeni bila kulijua hilo utapata majibu ya adabu, na ya adabu tu. Watu watasema maji hayafiki sana.

Hapa inabidi niseme kitu kuhusu muda. Ramani ya mtaro haifanani na ramani ya mlima, inachacha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja hawaongezeki bila mitaro kuzibwa, kugeuzwa na kujengewa juu. Kwa hiyo swali la nani atairudia ramani ile baada ya miaka miwili lilikuwa hitaji kubwa kuliko ramani yenyewe, na ndilo mradi wenye tarehe ya mwisho unaloliweza kwa shida zaidi.

Na huku ramani zikichacha, wenye ramani nao walikuwa wanabadilika. Wakati Ramani Huria inaanza, Dar es Salaam ilikuwa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji. Kisha Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Julai 2017 TARURA ikaanza kazi na kuzichukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, pamoja na wahandisi wake. Sehemu ya nchi kavu ya SUMATRA, iliyokuwa ikisimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini, ikawa LATRA mwaka 2019. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Sasa fikiria ripoti ya mahitaji iliyoandikwa 2015 ikapendekeza kwamba idara ya ujenzi ya Manispaa ya Kinondoni ipewe hifadhidata ya barabara na mitaro yake. Miaka miwili baadaye sehemu ya eneo hilo iko Ubungo na barabara ziko TARURA. Mtaro wa pembeni mwa barabara umehama na barabara, lakini taka zilizomo ndani zimebaki za manispaa. Ripoti haikukosea ilipoandikwa. Iliandikwa kwa majina ya ofisi, na majina ya ofisi ndiyo yaliyokuwa kitu dhaifu zaidi katika jiji zima.

Nairobi ilipita njia nyingine na inafaa kutajwa kwa ufupi. Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot kiliwapa wanafunzi simu wakapande matatu na kurekodi njia na vituo, na Januari 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatolewa. Serikali ya kaunti ikaikubali kama ramani rasmi. Hakuna aliyekuwa ameipelekea kaunti dodoso la kuuliza kama inahitaji ramani ya matatu. Ilionyeshwa, ikaitambua. Wakati mwingine hitaji halisemeki mpaka kitu kiwekwe mezani, na anayefanya utafiti kwa fomu tu atalikosa kila mara. Ila matatu hazifuriki, na ramani ya njia haihitaji kumwamsha mtu usiku. Jangwani ni ngumu zaidi.

Basi ungeuliza vipi? Mimi ningelitupa jedwali na kuchukua tukio moja: mara ya mwisho barabara ilipofungwa. Ningekwenda kwa kila mhusika na maswali yale yale machache. Ulijuaje? Nani alikwambia, kwa njia gani, saa ngapi? Ulifanya nini? Ungejua saa tatu kabla, ungefanya nini tofauti? Na ukishajua, ulimwambia nani?

Fuata maswali hayo mpaka kwenye karakana ya mabasi. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 21 zilizoanza kutoa huduma Mei 2016, ilijengewa karakana yake Jangwani, ndani ya bonde. Maji yameingia humo zaidi ya mara moja na mabasi yameharibika. Anayesimamia karakana hahitaji kujua kama masika ya mwaka huu yatakuwa juu ya wastani. Anahitaji kujua jioni, kabla madereva hawajarudi makwao, kama mabasi yalale pale au yapelekwe sehemu ya juu. Ni uamuzi mmoja wa ndiyo au hapana, na una gharama pande zote mbili: kuyahamisha bure usiku mzima ni mafuta na saa za ziada, kuyaacha ni injini zilizozama. Mtu wa namna hiyo anataka makadirio yenye uwezekano na kumbukumbu ya usahihi wake. Mara ngapi tahadhari imetoka na maji hayakuja? Mara ngapi yamekuja bila tahadhari? Hilo linahitaji daftari la kila siku barabara ilipofungwa, saa ya kufungwa na saa ya kufunguliwa, lililowekwa sambamba na milimita za mvua za bonde la juu. Daftari ni la bei ya chini kuliko ndege nyuki. Swali la kwanza la utafiti lingekuwa kama lipo, na lipo kwa nani.

TMA tayari hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa rangi zake, na kiwango cha mvua kubwa ni kuzidi milimita 50 ndani ya saa 24. Lakini tahadhari inatolewa kwa mkoa au ukanda mzima wa pwani, na milimita 50 zikianguka Kigamboni hazifiki Jangwani. Mwenyekiti wa mtaa anayepokea ujumbe huo kwenye kundi la WhatsApp anaupeleka kama ulivyo, na baada ya mara kadhaa za jua kali watu wake wanaacha kuusoma. Yeye anahitaji kitu kidogo na cha karibu: kina cha mto mahali fulani juu yake, na mtu aliyekubaliwa kusema sasa hameni. Neno kukubaliwa hapo lina uzito. Taarifa inaweza kuwepo kwenye simu ya kila mtu, na bado asiwepo mwenye mamlaka ya kuitamka, kwa kuogopa lawama za kuhamisha watu bure.

Mhandisi wa TARURA atataka kitu cha tatu. Saa kwake hazina maana sana. Anataka kabla ya masika, Januari au Februari, ajue makalavati yapi yasafishwe kwanza kwa fedha aliyonayo, ambayo haitoshi yote. Kwake ramani ya mitaro ya 2015 yenye marekebisho ya kila mwaka ni dhahabu. Afisa mazingira wa manispaa anahitaji ramani hiyo hiyo, akitazama taka badala ya zege. Wote wawili wangeweza kuisahihisha ramani moja, lakini ni nani anayeimiliki? Kwenye OpenStreetMap ni ya kila mtu, jambo ambalo ofisi ya serikali hulisikia kama si ya mtu. Utafiti wa mahitaji usiolifikisha swali hilo kwa mwanasheria wa halmashauri umeishia nusu.

Sasa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi unaendeshwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, kwa fedha zikiwemo za Benki ya Dunia, na ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana na kulipa fidia kwa walio bondeni. Daraja likikamilika na kuinua barabara, swali la kufungwa kwa mwendokasi pale litapungua sana. Maji hayatapungua. Kigogo na Mkwajuni, kwenye Barabara ya Kawawa, zitaendelea kupokea daladala, bodaboda na bajaji, ambazo hazina chumba cha uendeshaji wala msemaji wa kutangaza kwamba safari zimesitishwa. Dereva wa daladala anayeamua pale pale kama apite au ageuze hajawahi kuulizwa na dodoso lolote anahitaji taarifa gani. Yuko chini ya LATRA kwa leseni, chini ya trafiki kwa makosa, na kwa habari ya maji mbele yake anamtegemea kondakta mwenzake anayetokea upande wa pili.